Gramu moja ya Namoya, wati ngapi Kasongo?

Dhahabu ya Namoya, katika teritwari ya Kabambare, imekaa ndani ya mishipa ya kwatsi, lile jiwe jeupe gumu ambalo wachimbaji wa Salamabila hulivunja kwa nyundo na kulisaga mpaka liwe unga. Kampuni ya Kanada iitwayo Banro, iliyotangaza uzalishaji wa kibiashara Namoya Januari 2016 na kusimamisha kazi Septemba 2019, ilikuwa ikihesabu gramu 2 hivi za dhahabu kwa tani moja ya mwamba. Unga unaobaki hutupwa. Lakini kwatsi safi, ukiipima, karibu nusu ya uzito wake ni silikoni, yaani maada ileile inayotengenezewa pano za jua, kadi za kumbukumbu na ubongo wa kila simu inayolia sokoni Kasongo.

Hakuna fundi wa Kabambare anayeweza kuitoa silikoni hiyo kwenye jiwe. Inataka tanuru la umeme lenye joto la nyuzi 2,000 hivi, kisha usafishaji mrefu mpaka ifikie usafi wa asilimia 99.9999 kwa ajili ya pano, na tisa tatu zaidi kwa ajili ya vifaa vya simu na kompyuta. Jiwe lenyewe halina bei. Bei iko kwenye moto na usafi. Kwa hiyo dhahabu yetu inatoka ikiwa imefungwa kwenye kikaratasi mfukoni, na silikoni inatujia kutoka China ikiwa imefungwa kwenye kioo, imepita bandari, mizani, vizuizi na matope. Familia nyingi za Maniema ya kusini zinaishi kwa kugeuza moja kuwa nyingine. Swali langu ni moja tu: katika kugeuza huko, fedha inapotea wapi?

Haipotei kwenye silikoni. Mwaka 2010 gramu moja ya dhahabu kwenye soko la dunia ilikuwa dola 39 hivi, na pano zilitoka kiwandani kwa karibu dola 2 kwa wati. Gramu moja ilinunua wati 20. Mwaka 2024 gramu ilikuwa na wastani wa dola 77 hivi, na pano za China zilitoka kiwandani kwa senti 10 hivi kwa wati. Gramu ileile ilinunua wati 700 na zaidi. Oktoba 2025 wakia moja ya dhahabu ilipita dola 4,000, yaani dola 128 kwa gramu. Katika historia yote ya machimbo yetu, mchimbaji hajawahi kushika mkononi kitu kidogo hivyo chenye uwezo wa kuleta mwanga mwingi hivyo.

Ukiuliza bei dukani Kasongo, hutaikuta senti 10. Utakuta mara kadhaa ya hiyo, na sehemu kubwa ya nyongeza ni ya haki. Pano ni kioo. Imesafiri kwa meli, kwa lori, labda kwa treni kutoka Lubumbashi hadi Kindu, kisha kwa barabara ambayo wakati wa mvua inaweza kuchukua siku nyingi. Mfanyabiashara aliyeifikisha bila kuvunjika amefanya kazi. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na karatasi iliyobandikwa nyuma ya pano.

Karatasi hiyo inasema wati 300, na pano yenyewe mtoto wa shule anaibeba kwapani. Haiwezekani, na huhitaji fundi kukuambia. Jua la saa sita, anga likiwa wazi, linamwaga wati 1,000 hivi kwenye kila mita ya mraba. Pano nzuri ya silikoni inakamata asilimia 20 ya hizo, na zile bora kabisa zinazouzwa zinafika 23 au 24. Basi chukua utepe wa fundi cherehani, pima urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha zidisha kwa 200. Pano ya sentimita 70 kwa 50 ni mita 0.35 za mraba; mara 200 ni wati 70. Ikiwa bora sana itafika 80. Aliyeandika 300 amekuuzia wati 220 za hewa. Pano ya kweli ya wati 100 ina ukubwa wa karibu nusu mita ya mraba, kwa mfano mita moja kwa nusu mita, na haipungui sana hapo. Ulinganishe bei kwa wati ulizopima wewe, usilinganishe kwa wati zilizoandikwa. Mara nyingi utagundua kwamba pano iliyoonekana ghali ndiyo rahisi.

Rangi nayo inasema kitu. Pano nyeusi sawasawa ni ya fuwele moja. Ya buluu yenye mabaka kama barafu iliyopasuka ni ya fuwele nyingi, na viwanda vikubwa vimeshaiacha, kwa hiyo iliyo mpya dukani yaelekea imekaa stoo miaka. Hiyo si sababu ya kuikataa: silikoni haiozi, na pano nzuri hupoteza karibu nusu asilimia tu ya nguvu kwa mwaka. Ikatae ikiwa kioo kimepasuka au nyuma kuna malengelenge ya unyevu. Ya tatu ni ile ya kahawia iliyoiva, yenye mistari myembamba juu ya kioo kitupu. Hiyo inakamata asilimia 6 hadi 8 tu, na katika miezi yake ya kwanza juani inapungua nguvu zaidi kuliko wenzake. Kwa dola zilezile, iache.

Mwenye mita ya umeme afanye jaribio moja zaidi, saa sita, jua kali. Pano ya volti 12 yenye wati 100 za kweli, isipounganishwa na kitu, inaonyesha volti 21 au 22. Na nyaya zake mbili zikipimwa moja kwa moja kwenye sehemu ya ampea 10, inaonyesha karibu ampea 6. Ikionyesha ampea 2, ni pano ya wati 30 na kitu. Muuzaji mkweli hatakukataza kupima. Anayekukataza amekwisha kukujibu.

Sasa mtego mwingine, ambao hauna mdanganyifu ndani yake, na ndiyo maana unawaponza hata wajuzi. Siku hizi pano kubwa za wati 400, zilizotengenezwa kwa mapaa ya Ulaya, zinafika mpaka huku, na kwa wati moja ni rahisi kuliko zote. Mtu anainunua, anaiunganisha na batri yake ya volti 12 kwa regilata (kisanduku cha kudhibiti chaji) ya bei ya chini, na anashangaa kwamba jirani mwenye pano mbili ndogo anapata umeme kama wake. Pano ile inafanya kazi kwenye volti 31 hivi na ampea 13. Regilata ya kawaida inaivuta chini mpaka volti 13 za batri: 13 mara 13 ni wati 169. Zaidi ya nusu ya ulichonunua kinaishia juu ya bati. Pano kubwa inataka regilata ya aina inayoitwa MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Nayo inaghushiwa: neno MPPT limechapwa juu ya visanduku vingi ambavyo ndani ni vya kawaida. Ya kweli ni nzito, ina koili ya waya wa shaba ndani na mgongo wa alumini wa kutoa joto. Jumlisha bei ya pano na ya regilata kabla hujasema kipi ni rahisi. Kwa nyumba yenye taa nne na simu tatu, pano ya volti 12 ya wati 100 na regilata ya kawaida inatosha, na wala usione aibu.

Nyumba kama hiyo inakula kiasi gani? Taa nne za LED za wati 5 zikiwaka saa tano ni wati-saa 100. Simu ya tachi yenye batri ya mAh 5,000 ni wati-saa 19. Pamoja na kinachopotea njiani, weka 25. Simu ya vitufe haifiki 5. Redio ni kidogo. Nyumba nzima haizidi 200 kwa siku. Pano ya wati 100, kwa saa nne tu za jua la kuhesabika, inaleta 400 juu ya bati na karibu 280 baada ya joto, nyaya na batri kuchukua fungu lao. Inabaki akiba ya siku ya mawingu.

Linganisha na jenereta ndogo ya esansi. Inakunywa karibu nusu lita kwa saa. Saa nne kila usiku ni lita 2, mwezi ni lita 60. Tuseme lita ni dola 2. Weka bei ya mahali pako, maana Salamabila si Kasongo. Ni dola 120 kwa mwezi kwa taa zilezile nne, pamoja na kelele na moshi. Tuseme pia kwamba pano ni dola 60, batri nzuri 120, regilata 15, nyaya na taa 25. Jumla dola 220. Mwezi wa pili haujaisha, jenereta imeshakula zaidi ya hizo. Jenereta ina mahali pake: kuchomelea vyuma, kinu, friji la mwenye bucha. Kuiwasha kwa ajili ya taa na simu ni kuchoma dhahabu, na sisemi kwa mfano. Kwa dola 128 kwa gramu, ni karibu gramu moja kila mwezi.

Na wale wanaochajisha simu kwenye kibanda? Tuseme franka 500 kwa mara moja, siku moja ndiyo siku moja hapana. Simu tatu za nyumba moja zinamaliza franka 270,000 kwa mwaka, ambazo kwa viwango vya miaka hii ni karibu dola 100. Nyumba nyingi ambazo zingesema hazina uwezo wa pano zinailipia tayari, kidogo kidogo, bila kuipata. Hili linaniuma kuliko yote katika hesabu hii, kwa sababu anayelipa bei kubwa kabisa ya umeme Kabambare ni yule asiyeweza kukusanya dola 50 kwa mara moja. Likilemba, yaani mchango wa zamu, ya akina mama watano, kila mmoja dola 10 kwa mwezi, inatoa pano moja ndogo na vifaa vyake vidogo kwa kila nyumba ndani ya miezi mitano.

Batri ndiyo sehemu inayokufa, na ndiyo sehemu ya kufikiria zaidi. Pano utaiachia watoto. Batri utaizika mwenyewe, labda mara kadhaa. Batri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 40 ina wati-saa 480 kwa maandishi, lakini ukiitoa zaidi ya nusu unaiua, kwa hiyo ni 240 za kutumia. Ikitunzwa inavumilia usiku 400 hivi. Ukiinunua dola 60, umepata kilowati-saa 96 kwa maisha yake yote: senti 62 kila moja. Batri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4, volti 12.8 na ampea-saa 20, ina 256. Unaweza kutumia 205 bila kuiumiza, na inavumilia mara 2,000 au zaidi. Ukiinunua dola 120, umepata kilowati-saa 410: senti 29 kila moja. Iliyo ghali dukani ni nusu ya bei nyumbani.

Masharti yake ni mawili. Regilata iwe na mahali pa kuchagua aina hiyo ya batri. Na uipime kwa mkono: ya ampea-saa 20 huwa na kilo 2 mpaka 3. Ikiwa nyepesi kama boksi tupu, ndani kuna seli chache zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani. Kuhusu batri za gari na lori, ambazo zimejaa vijijini: zimeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukizitoa taratibu usiku kucha zinakufa mapema. Kama huna nyingine, usivuke theluthi moja.

Nirudi kwenye dhahabu, maana nayo inarudi kwetu ndani ya vifaa, na watu wanauziwa rangi yake. Dhahabu haishiki kutu. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya viwanda kuitumia. Vile vibati vya njano kwenye kadi ya simu, meno ya kadi ya kumbukumbu, ndimi ndogo ndani ya tundu la chaji, vyote vimepakwa utando wa dhahabu juu ya nikeli, na utando wa kwenye mbao za saketi huwa sehemu ya kumi ya mikroni au chini yake. Ndani ya vifaa vyenyewe, nyuzi zinazounganisha silikoni na miguu ya kifaa zilikuwa za dhahabu ya mikroni 25 hivi. Bei ilipopanda baada ya 2008, viwanda vingi vikahamia shaba. Pano ya jua haina dhahabu kabisa. Mistari yake myembamba myeupe ni madini ya fedha.

Basi kulipia zaidi kwa sababu kichwa cha waya ni cha njano kunafaa wapi? Kwa unyevu wetu, kunafaa penye umeme mdogo sana: tundu la simu, kadi, waya wa sauti wa kanisa au wa msikiti. Hapo utando wa kutu usioonekana unatosha kukata mawasiliano. Kwenye nyaya za batri na pano hakufai kitu. Huko tafuta shaba nene, bolti iliyokazwa, na grisi kidogo juu yake. Njano nyingi sokoni hata hivyo ni mchanganyiko wa shaba na zinki uliong'arishwa. Kwangu mimi, waya mnene wa shaba halisi wa mita 6 una thamani kuliko kichwa chochote cha dhahabu.

Simu moja, kwa hesabu iliyochapishwa na idara ya jiolojia ya Marekani mwaka 2006, ina gramu 0.034 za dhahabu. Kwa dola 128, hiyo ni dola 4 na senti kidogo. Ndipo vijana wanaanza kukusanya simu mbovu na kutafuta asidi. Ni kweli kwamba tani moja ya simu ina gramu 300 hivi, mara 150 ya mwamba wa Namoya. Lakini tani hiyo ni karibu simu 9,000, na asidi ya naitriki au zebaki inayotumika uani itapita kwenye mapafu ya anayechemsha, kisha kwenye kisima. Risasi iliyo kwenye maungio inapochomwa inawafikia watoto kwanza. Wanaofanya kazi hii kwa faida wanatumia viwanda vikubwa, kama kile cha Umicore kilichoko Hoboken, Antwerpen, Ubelgiji, kinachotoa dhahabu, fedha, shaba na paladiamu kwa pamoja. Umicore ndiye mrithi wa Union Minière du Haut-Katanga iliyoundwa mwaka 1906. Madini yetu yamewafikia mara mbili: yakiwa ardhini, na yakiwa takataka. Simu mbovu yenye skrini, kamera na spika nzima ina thamani zaidi kwa fundi wa simu wa mjini kuliko ndani ya asidi. Mpelekee huyo.

Tena, simu sizo zinazopandisha bei ya dhahabu Salamabila. Teknolojia yote duniani inatumia tani 300 hivi kwa mwaka, katika matumizi ya zaidi ya tani 4,000. Zilizobaki ni vito, vipande vya akiba na hazina za benki kuu. Hii ina maana kwa muuzaji wa gramu: bei inatoka London, inatangazwa kila siku ya kazi kwa wakia, na yeyote mwenye redio au simu anaweza kuijua. Gawanya kwa 31.1 upate gramu. Tola moja ni gramu 11.66, wakia ikiwa dola 4,000, tola ya dhahabu safi ni dola 1,500. Negosia, mnunuzi wa dhahabu, hatakupa hiyo, kwa sababu dhahabu yako si safi kabisa, na njia ni ndefu na ya hatari, hasa tangu Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025. Lakini lazima mjadiliane mkiwa wote mnaijua.

Na hapa ndipo fedha nyingi inapotea, kabla hata hujafika kwenye pano. Dhahabu bado inapimwa kwa sarafu za zamani na vijiti vya kiberiti. Kosa la gramu 0.1 ni dola 12 na zaidi. Mzani mdogo wa elektroniki unaosoma gramu 0.01, ambao ndani yake kuna kipande cha silikoni kisichozidi ukucha, haufiki bei ya gramu moja. Unapima pia usafi: pima punje kubwa iliyoyeyushwa ikiwa kavu, kisha ipime ikining'inia kwa uzi ndani ya maji, gawanya uzito mkavu kwa tofauti ya hizo mbili. Dhahabu safi inatoa 19.3, ya karati 22 inatoa karibu 17.7. Vumbi lisiloyeyushwa litakudanganya kwa sababu ya hewa iliyo ndani.

Kwa hiyo mchimbaji mwenye fedha ya kifaa kimoja tu mwaka huu, ushauri wangu asianze na pano wala simu. Anunue mzani, pamoja na jiwe lake la gramu 100 la kuusahihisha, na aushike yeye mwenyewe siku ya kuuza.